Swala Twiga na Rafu za Nyika

Kama mna kalamu na karatasi, ziwekeni karibu, maana nitataja tarakimu chache zinazofaa kuandikwa.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mnyama wa nyika aitwaye swala twiga. Lakini kabla ya kumweleza mnyama huyo, sina budi kuungama kosa langu. Mwaka 2022 nilikwenda katika kijiji kimoja cha wilaya ya Longido, kaskazini mwa Tanzania, kufundisha darasa la watu wazima. Siku ya kwanza niliandika ubaoni maneno haya: "Nyika ni ardhi tupu." Nilikuwa nimeyasoma maneno ya namna hiyo chuoni, nikayabeba mpaka Longido kama yalivyo.

Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekaa nyuma akainua fimbo yake. Akaniambia, "Mwalimu, nimeishi hapa tangu kuzaliwa kwangu. Hiyo ardhi tupu unayoisema iko upande gani?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini sikuwa na jibu. Mzee akasema, "Kesho alfajiri nitakupitia. Tutembee."

Basi alfajiri nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," naye akaitika, "Marahaba," tukaondoka. Ulikuwa wakati wa ukame mbaya. Nyasi zilikuwa zimekwisha kabisa, vumbi tupu. Tulipita mizoga ya ng'ombe mitatu, na mzee aliniambia kuwa wawili kati yao walikuwa wake. Alikuwa na ng'ombe zaidi ya thelathini, wakabaki sita. Tulipofika penye kikwata kingi akanishika mkono nisimame. Mbele yetu, kama hatua sitini hivi, nikaona kitu mfano wa mtu mwembamba aliyesimama akichuma majani. Nilipotazama vizuri, nikaona kuwa ni mnyama mwenye shingo ndefu, amesimama kwa miguu yake miwili ya nyuma, anakula. Wala hakuwa amekonda. Ngozi yake iling'aa.

Mzee akaninong'oneza, "Ng'ombe wangu wamekufa kwa njaa hapa hapa, na huyu ameshiba. Sasa niambie, mwalimu, ardhi hii ni tupu?"

Hilo ndilo swali la mazungumzo yetu ya leo. Tutatafuta jibu lake katika mwili wa mnyama huyo.

Kwanza tumjue ni nani. Swala twiga ni swala mwembamba mwenye miguu mirefu, shingo ndefu, kichwa kidogo na masikio makubwa. Rangi yake ni ya kahawia yenye wekundu, mgongoni imekolea, na tumboni ni nyeupe. Begani ana urefu wa sentimita 80 hadi 105, na uzito wake ni kati ya kilo 30 na 50, yaani kama mbuzi dume mkubwa. Dume ana pembe nene zenye mapete, zilizopinda kwenda nyuma na kisha juu. Jike hana pembe. Wasomali humwita garanuug, na kutoka kwao Waingereza wamepata jina lao la gerenuk. Wataalamu humwita Litocranius, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya fuvu la jiwe, kwa sababu fuvu lake ni gumu sana kwa nyuma.

Makao yake ni nchi kavu za upande huu wa Afrika: Somalia, Ethiopia, Djibuti, sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Kenya, na pembe ya kaskazini ya Tanzania. Wakenya humwona Samburu, Meru na Tsavo. Watanzania humwona Longido, karibu na Ziwa Natron, na katika hifadhi ya Mkomazi. Hapatikani katika msitu mnene, wala katika mbuga za nyasi tupu. Yeye ni mtu wa vichaka.

Sasa tuitazame nchi anayoishi. Katika nyika ya namna hii mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 500, na haiji kwa utaratibu. Mwaka mmoja vuli hunyesha na masika hukosa, mwaka mwingine huwa kinyume, na miaka mingine hukosa zote mbili. Nyasi zina mizizi mifupi. Mvua ikinyesha huota upesi, na jua likiwaka hukauka upesi. Lakini migunga, kikwata na miti ya jamii ya manemane ina mizizi ya kushuka chini au kuenea mbali. Mingine hupukutisha majani kungoja mvua, mingine huchipua hata kabla mvua haijafika, na viko vichaka vichache ambavyo hubaki na kijani mwaka mzima. Kwa hiyo wakati ambapo chini hakuna kitu, juu huwa kimebaki kitu. Yule anayetazama chini tu atasema nchi ni tupu.

Ili jambo hili lieleweke, fikirini duka la kijijini. Mwenye duka ana rafu. Ya chini kabisa ina chumvi na viberiti, ya katikati ina sukari na majani ya chai, na ya juu ina vitu ambavyo mtoto hawezi kuvifikia. Nyika nayo ni duka lenye rafu. Rafu ya chini kabisa ni nyasi. Hapo hula ng'ombe, kondoo, punda milia na nyumbu. Juu yake kidogo ni vichaka vifupi, na hapo hula digidigi, ambaye hata akinyoosha shingo hafiki mita moja. Rafu inayofuata hula swala pala na tandala mdogo. Rafu ya juu kabisa, mita nne na tano kutoka chini, ni ya twiga.

Lakini kati ya rafu ya tandala na rafu ya twiga kuna nafasi. Majani yaliyoko hapo, kiasi cha mita mbili hivi kutoka ardhini, yako juu mno kwa swala wengi, na twiga naye huyaacha mara nyingi akala ya juu zaidi. Simama karibu na ukuta, msomaji, uinue mkono wako. Kiganja chako kinapofikia ndipo ilipo rafu ya swala twiga. Mnyama ambaye begani hafiki kiuno cha mtu mrefu hula mahali ambapo mtu huyo hufikia kwa kuinua mkono.

Anafikaje huko? Watu wengi hudhani ni kwa shingo peke yake. Shingo yake ni ndefu kweli, lakini haina mifupa mingi kuliko yako. Wewe una pingili saba shingoni, swala twiga ana saba, na twiga mwenyewe ana saba. Tofauti ni kwamba kila pingili yake ni ndefu. Tena shingo hiyo peke yake isingemfikisha mita mbili. Siri iko nyuma, katika kiuno na nyonga. Viungo vya mgongo wake sehemu ya kiunoni na vya nyonga vimeumbwa hata aweze kujinyoosha mpaka mgongo uwe karibu wima juu ya miguu ya nyuma. Miguu hiyo ina nguvu, na kwato zake ndogo zenye ncha humpa mahali pa kukanyagia imara.

Wafugaji wataniambia, "Hata mbuzi husimama." Ni kweli, na ndiyo sababu mbuzi huishi mahali ambapo ng'ombe hushindwa. Lakini mtazameni mbuzi vizuri. Yeye huweka miguu ya mbele juu ya shina au tawi, akaegemea. Pasipo kitu cha kuegemea hukaa kidogo tu na kushuka. Swala twiga husimama pasipo kuegemea kitu chochote, akazunguka kichaka akiwa amesimama vile vile, na miguu ya mbele huitumia kama mikono kuvuta tawi lije karibu na mdomo. Kwa hiyo anaweza kula katikati ya kichaka chembamba ambacho hakiwezi kubeba uzito wa mbuzi.

Labda msikilizaji mmoja atauliza: je, shingo hiyo ilirefuka kwa sababu wazazi wake wa kale walikuwa wakiinyoosha kila siku? La. Mfikirini mfua chuma. Mikono yake ina nguvu kwa kupiga nyundo miaka mingi, lakini mtoto wake hazaliwi na mikono ya namna hiyo. Naye atalazimika kupiga nyundo. Mambo yalikwenda hivi. Katika kila kizazi huzaliwa ndama wasiolingana. Huyu ana shingo ndefu kidogo, yule ana fupi kidogo. Huyu kiuno chake hujinyoosha vizuri, yule hakijinyooshi. Mwaka wa mvua wote huishi. Mwaka wa ukame, majani ya chini yakiisha, yule anayefikia juu kidogo zaidi hupata chakula, huishi, na huzaa watoto wanaofanana naye. Yule mwingine hufa, au hukosa nguvu ya kuzaa. Rudia hayo kwa vizazi maelfu na maelfu, na ukame ndio unaochagua kila mara. Ukame huo huo uliowaua ng'ombe wa mzee wangu ndio uliomchonga swala twiga.

Sasa tuje kwenye mdomo. Miti ya nyika haitoi majani yake bure. Kikwata kina miiba iliyopinda kama ndoana, na migunga mingine ina miiba mirefu iliyonyooka kama sindano. Ng'ombe mwenye mdomo mpana hawezi kula hapo. Swala twiga ana mdomo mwembamba, midomo myepesi kama vidole na ulimi mrefu. Huingiza mdomo kati ya miiba, akachuma jani moja moja, chipukizi moja moja, ua au tunda, na mwiba akauacha.

Tena huchagua sana. Wachunguzi waliomfuata katika hifadhi ya Tsavo katika miaka ya 1970 waliandika zaidi ya aina 80 za mimea anayokula. Lakini katika kila mmea huchagua sehemu iliyo laini. Ana sababu. Swala twiga hucheua kama ng'ombe, lakini tumbo lake si sawa na la ng'ombe. Ng'ombe ana tumbo la kwanza kubwa kama pipa. Humo nyasi ngumu hukaa muda mrefu, na vijidudu huzivunja pole pole. Mnyama mdogo hana nafasi ya pipa. Tumbo lake ni dogo, chakula hupita upesi, na kwa hiyo lazima kiwe kizuri. Ukimfungia swala twiga katika shamba la nyasi nzuri ambazo ng'ombe wako angezifurahia, atakonda. Andikeni jambo hili, maana tutalirudia: mnyama huyu hawezi kubadili rafu.

Na maji je? Hapa ndipo watu hushangaa zaidi. Swala twiga huweza kukaa miezi mingi bila kunywa, na waliomchunguza wanaamini kuwa wako wanaomaliza maisha yao yote bila kuinama kisimani wala mtoni. Hakuna mnyama anayeishi bila maji. Yeye hupata maji kwa kuyala. Kilo moja ya majani mabichi huweza kuwa na nusu kilo ya maji au zaidi. Ndiyo maana wakati wa kiangazi huvitafuta vile vichaka vichache vyenye kijani, na machipukizi, maua na matunda. Maji akishayapata, huyatunza. Wakati wa jua kali husimama au kulala kivulini, hakimbiikimbii ovyo, na mkojo wake ni mchache na mzito.

Faida yake ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Ng'ombe lazima arudi majini kila siku, au kila baada ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo nyasi zilizo karibu na kisima huliwa mpaka udongo, na zilizo mbali hubaki bila mlaji. Simba na chui nao wanajua njia ya kisima, na hungoja hapo. Swala twiga hafungwi na kisima chochote. Anaweza kuishi katika kipande cha nyika ambacho wanyama wengine hawawezi kukifikia na kurudi.

Hata tabia yake imefuata chakula. Majani mazuri katika nyika yametawanyika: kichaka kimoja hapa, kingine kule. Kundi la wanyama mia wangemaliza kichaka kwa dakika moja na kugombana. Kwa hiyo swala twiga huishi wachache wachache, mmoja, wawili, watano, mara chache kufika wanane. Dume lililokomaa hukaa katika eneo lake na kulitia alama kwa kupaka juu ya vijiti majimaji meusi kama lami yatokayo katika tezi iliyo mbele ya jicho. Akisikia hatari hakimbilii uwanda wazi. Husimama kimya nyuma ya kichaka akichungulia kwa juu, na akilazimika kuondoka huinamisha shingo mbele, ikawa sawa na mgongo, akapenya kati ya miti. Mimi nilipokohoa asubuhi ile, alitoweka hivyo hivyo, na sikumwona tena.

Jike hubeba mimba muda wa miezi saba hivi na kuzaa mtoto mmoja mwenye uzito wa kilo tatu. Humficha kichakani, akaenda kula, na kurudi kumnyonyesha mara tatu au nne kwa siku. Humlamba na kumeza kinyesi na mkojo wake ili fisi na bweha wasipate harufu. Wala hana msimu mmoja wa kuzaa. Nchi ambayo mvua yake haina ahadi, mwenye kungoja msimu anaweza kungoja bure.

Basi tumeona shingo, kiuno, mdomo, tumbo, figo na tabia. Vyote vinakubaliana, kama vile ufunguo unavyokubaliana na kufuli lake. Lakini ufunguo mzuri namna hii una hatari yake. Kufuli likiondolewa, ufunguo hauna kazi.

Nitawapa mifano miwili ya kweli. Wa kwanza ni Tsavo, nchini Kenya, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1948. Katika miaka ya 1950 na 1960 tembo waliongezeka sana humo, wakavunja na kung'oa miti na vichaka katika sehemu kubwa. Mahali palipokuwa na nyika nene pakawa na nyasi. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 ulipokuja, tembo maelfu walikufa. Lakini fikirini wanyama wengine walipatwa na nini. Punda milia na wala nyasi wenzao walipata nafasi. Swala twiga na tandala mdogo walipungua, kwa sababu rafu yao ilikuwa imeangushwa. Nyasi zilikuwako tele, nao hazikuwafaa kitu.

Mfano wa pili ni Somalia. Huko miti mikubwa ya jamii ya mgunga ilikatwa kwa wingi ikachomwa mkaa na kuuzwa nje kwa meli, mpaka Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku biashara hiyo mwezi wa Februari 2012. Aliyeumia hapo si swala twiga peke yake. Mfugaji wa ngamia na mbuzi alipoteza kivuli, majani na matunda ya mgunga, navyo ndivyo vilivyokuwa akiba yake ya kiangazi.

Leo Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Maumbile linamhesabu swala twiga katika kundi la wanyama walio karibu kuingia hatarini. Bunduki na mitego ni sababu mojawapo. Sababu nyingine ni hii ya kuiangusha rafu.

Tusidanganyane kwamba walaji majani hawafi wakati wa ukame. Mwezi wa Novemba 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza hesabu ya wanyamapori waliokufa kwa ukame kati ya Februari na Oktoba mwaka huo: nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, tembo 205, nyati 51. Twiga nao walikuwamo, 12. Ukame hauchagui rangi. Lakini angalieni wala nyasi walivyotangulia. Na vijijini ilikuwa hivyo hivyo: ng'ombe walitangulia, kondoo wakafuata, mbuzi na ngamia wakabaki nyuma.

Sasa turudi Longido. Jioni ya siku ile kulikuwa na mkutano wa kijiji chini ya mti. Mfanyabiashara wa mkaa alikuwa ameomba kununua ruhusa ya kukata miti katika lile eneo tulilopita asubuhi. Fedha zake zilikuwa za kweli, na shida za watu zilikuwa za kweli. Mama mmoja alisimama akasema, "Ninyi wazee mnazungumza habari za miti. Mimi nina mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya ada. Ng'ombe wa kuuza sina. Nimwambie mtoto angoje mgunga uote?" Hakuna aliyemcheka. Mimi mwenyewe, niliye mtu wa elimu, moyo wangu ulikuwa upande wa mama yule.

Mzee akajibu pole pole. "Binti yangu, husemi uongo. Lakini hesabu nami. Ng'ombe wangu wamebaki sita. Mbuzi wangu wamepungua, lakini hawakuisha. Waliishi kwa nini? Waliishi kwa matunda ya mgunga, nilikuwa nikiyatikisa kwa fimbo ndefu, na kwa majani ya kile kikwata. Leo asubuhi nimemwonyesha mwalimu yule swala wa shingo ndefu. Yeye na mbuzi wangu wanakula meza moja. Meza hiyo tukiiuza, ada ya mwaka huu tutaipata. Ya mwaka ujao tutauza nini?"

Mkutano ule haukwisha kwa urahisi. Watu walibishana mpaka usiku, na mambo mengine yalisemwa ambayo sitayarudia hapa. Mwisho walikubaliana kwamba miti iliyokufa yenyewe iokotwe na kuuzwa kwa faida ya wote, na ada za watoto watatu zilipwe kwanza kutoka fedha hizo. Lile eneo la kikwata na migunga likaachwa, likatengwa kuwa akiba ya kiangazi, kama vile Wamaasai walivyozoea tangu zamani kutenga malisho ya ndama na wagonjwa wanayoyaita alalili. Mfanyabiashara aliondoka na gari tupu. Wako waliomlaumu mzee, na mama yule hakuridhika kabisa, maana mtoto wake alikuwa wa nne.

Nawaambia hayo bila kuyapamba, kwa sababu uamuzi wa namna hii utafika kijijini kwenu pia, ikiwa bado haujafika, na hautakuwa mwepesi. Siwezi kuwaamulia kutoka studio. Ninaloweza kufanya ni kuwaomba msianze hesabu kwa kosa nililoanza nalo mimi. Msiandike sifuri mahali ambapo pana kitu. Kabla ya kusema, "Pori hili halina faida, na likatwe," tembeeni humo wakati wa kiangazi kikali, mkatazame kila rafu, kuanzia udongo mpaka kileleni, na kuandika nani anakula wapi. Kisha amueni.

Asubuhi niliyoondoka nilikwenda darasani kabla ya wanafunzi wangu. Maneno yangu yalikuwa bado yako ubaoni. Nikayafuta, nikaandika, "Nyika ina rafu." Mzee alipoingia alisoma pole pole, herufi kwa herufi, maana alikuwa amejifunza kusoma mwezi ule ule. Akaketi mahali pake pa nyuma, akasema, "Sasa tuendelee na somo, mwalimu."

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Tajeni rafu za malisho katika pori lililo karibu nanyi. Ni mnyama gani wa kufugwa, na gani wa porini, anayekula katika kila rafu?

2. Kwa nini swala twiga hawezi kuokolewa na nyasi nyingi? Elezeni kwa habari ya mdomo na tumbo lake.

3. Mbuzi na swala twiga wanafanana katika nini, na wanatofautiana katika nini?

4. Pimeni mita mbili kutoka chini kwenye mti wa mwiba. Je, majani ya hapo hubaki mwezi gani wa kiangazi, nayo huisha mwezi gani? Andikeni majibu yenu kwa mwaka mzima.

5. Mngekuwa katika mkutano ule wa kijiji, mngemjibu nini mama aliyekosa ada? Kila mmoja aseme lake, na mwenyekiti asimkatize mtu.

Mpaka somo lijalo, kwaherini.